Kila neno na mwenyewe

Yanonge, Isangi

Mpwa wangu mpendwa,

Sura ya kwanza ya memwari yako ya diploma imenifikia na nimeisoma yote. Kifaransa chako kimekomaa. Ila kurasa za ngoma za Walokele zimenitia wasiwasi: ndani yake namsikia John Carrington, na jina lake silioni.

Carrington alikuwa mmisionari wa Kibaptisti, akakaa Yakusu, hapo mtoni kati yetu na Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka 1949, kwa Kiingereza. Wewe umekigeuza Kifaransa. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba maneno yakishavuka lugha, mwenyewe amebadilika. Sivyo. Ukifuata sentensi zake moja moja, wazo ni lake, mpangilio ni wake, hata mifano ni yake.

Badala yake, soma kurasa za Carrington mpaka uzielewe, ufunge kitabu, umweleze mwenzako asiyezisoma. Ulivyomweleza ndivyo uandike. Kwa mfano: Carrington anaonyesha kwamba ngoma ya Kilokele huiga sauti za juu na za chini za maneno, na kwa kuwa maneno mengi yana sauti sawa, mpigaji huongeza maelezo marefu ili msikilizaji asichanganyikiwe. Sasa fungua kitabu uhakikishe hukumsemesha asiyoyasema, halafu weka mwaka na ukurasa. Hata ukifupisha sura nzima kwa mistari mitatu, jina lake libaki.

Kunukuu neno kwa neno ni kwa nadra: pale ambapo maneno yenyewe ndiyo unayoyachunguza, au unataka kuyapinga. Yatie alama za kunukuu na usiguse hata nukta. Katika daftari lako, maneno ya mwandishi yawe kwa biki nyekundu na yako kwa buluu, ukurasa ukiandikwa papo hapo. Wengi hunakili bila kukusudia, kwa sababu mwezi mmoja baadaye daftari haliwaambii tena nani alisema nini. Na zile memwari za zamani zinazouzwa penye fotokopi, usiziguse.

Lipo jambo linalonigusa zaidi. Carrington hakuyatoa hayo kichwani mwake. Aliyasikia kwa wapiga ngoma wa vijiji vya mto huu. Leo dunia inamtaja yeye, na wale waliomfundisha wachache sana wanatajwa. Likizo utakuja kuwauliza wazee wetu juu ya ngoma na uvuvi. Mzee atakayekueleza ni chanzo sawasawa na kitabu. Mwombe ruhusa, muulize kama anataka jina lake litajwe, andika kijiji na tarehe, na umsomee ulichoandika kabla hujaondoka. Mwenye kitabu akiibiwa, atakuwapo profesa wa kugundua. Mzee wa hapa kando ya mto hataiona memwari yako kamwe, wala hatajua kwamba maarifa yake yamekupa diploma. Kwa hiyo haki yake iko mikononi mwako peke yako.

Nakuomba, kabla hujampa mwalimu anayekuongoza sura hii, uanze upya kurasa hizo za ngoma na uweke kila jina mahali pake. Kisha unitumie tena, nami nitazisoma.

Mjomba wako