Hoteli Kubwa za Nairobi na Mgeni wa Pwani

Mtu wa Malindi akipanga safari ya Nairobi, swali aulizwalo kwanza ni atafikia kwa nani. Katika desturi zetu, hoteli ni ya asiyekuwa na mtu. Lakini mama yetu alipoandikiwa matibabu ya jicho mjini humo, jamaa aliyekuwa akitupokea miaka yote alikuwa amekwisha kuhama. Nasi mabinti zake wanne tulikuwa na akiba ya mwaka mzima katika kikundi chetu cha kuwekeana fedha. Tukaazimia kumlaza mahali pa heshima, tukaanza kulinganisha hoteli.

Sisi si wageni wa hoteli. Lawford's ilisimama hapa Malindi tangu miaka ya 1930, na toka hapo hadi Watamu na Kilifi ni wachache wasio na ndugu aliyepika, aliyetandika vitanda au aliyepokea mizigo. Twazijua hoteli kutokea mlango wa jikoni. Kuingia kwa mlango wa mbele, tukiwa na mama mwenye buibui na mkongojo, ni jambo jingine.

Za Nairobi zina historia ndefu. Stanley inatokana na nyumba ya wageni iliyoanzishwa na Mayence Bent mwaka 1902, nayo yajulikana kwa mgunga ambao wasafiri wa zamani waliuachia barua za kupelekeana habari. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Serena, ya kundi linalohusiana na taasisi za Aga Khan, iko karibu na bustani za katikati ya mji. Villa Rosa Kempinski ni ya juzi, mwaka 2013. Hilton, ule mnara wa duara uliofunguliwa mwaka 1969, ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2022, na InterContinental ilikuwa imetangulia mwaka 2020. Ukubwa wa jina, basi, haumhakikishii mtu kudumu.

Kwa vitanda laini, mazulia na maua mezani, hatukuona tofauti kubwa. Tofauti ilianza tulipopiga simu na kuuliza yanayotuhusu. Je, chooni mna maji ya kutawadhia na kujisafisha, au karatasi peke yake? Nyama ni ya halali, na je, hupikwa katika vyombo vyake mbali? Jokofu la chumbani laweza kuondolewa pombe kabla hatujaingia? Mhudumu wa chumba aweza kuwa mwanamke, ili mama asilazimike kujifunika kila mlango ukibishwa? Kibla kiko upande gani?

Wako waliotujibu kwa adabu, swali kwa swali. Wako walioahidi kuuliza na kupiga simu, na hatukuwasikia tena. Mmoja alicheka aliposikia habari ya kibla. Hatutazitaja hoteli hizo, kwani apokeaye simu leo si apokeaye kesho. Lakini swali hilo lina uzito wake. Hapa Malindi twaswali bahari ikiwa mkono wa kulia, na hata kipofu huijua kwa upepo. Nairobi haina bahari ya kumwelekeza mtu. Kibla chake pia ni kaskazini, kikikengeuka kidogo tu mashariki, lakini mgeni aliyefungiwa ghorofa ya saba, na jicho moja limefunikwa bandeji, atakijuaje?

Tukapima pia umbali wa msikiti. Msikiti wa Jamia, ambao ujenzi wake ulikamilika mwaka 1933, uko katikati ya mji, na kwa hilo Stanley iliwapita wenziwe: ni mwendo mfupi wa miguu. Lakini tulipofika kwenye bei, tuliona usiku mmoja utakula karo ya muhula ya mtoto, nasi tulihitaji usiku nne.

Ndipo mmoja wetu akataja Eastleigh. Huko ziko hoteli za Waislamu zisizouza pombe, zenye chumba cha kuswalia na misikiti jirani. Hazina mgunga mashuhuri wala historia ya kuandikwa vitabuni. Tulipopiga simu, mengi tuliyokusudia kuuliza tuliambiwa kabla hatujauliza. Mama alilala huko, akatawadha bila kuomba kopo, na alfajiri akaamshwa na adhana.

Hata hivyo alikuwa na ombi lake, naye hakutuambia mpaka daktari aliporidhika na jicho. Alitaka kwenda Norfolk. Marehemu baba alikuwa karani wa reli Nairobi katika miaka ya 1950, zama ambazo hoteli kama hizo zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliyeingia aliingia kwa kutumwa. Alizoea kumsimulia mama jinsi alivyopita ng'ambo ya barabara akitazama taa. Karibu na hapo, mwezi wa Machi 1922, watu waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi, na yameandikwa masimulizi kwamba walowezi waliokuwa hotelini nao walifyatua. Leo barabara hiyo yaitwa kwa jina la Thuku.

Tulikwenda alasiri. Mlinzi alimfungulia mama mlango, akamwita "Mama", akamshika mkono kwenye ngazi. Tuliagiza chai na keki, tukauliza kilichomo, tukajibiwa vizuri. Mama hakusema mengi. Alitazama barabarani kwa lile jicho jema, akauliza bei ya birika moja, akatikisa kichwa. Kisha akamsomea baba Fatiha palepale kitini.

Kwa familia itakayokwenda, ushauri wetu ni huu. Andikeni maswali yenu kabla ya kuuliza bei, nayo yaanzie kwenye maji, chakula, sitara na swala. Penye majibu ya kuridhisha, lalazeni wazee wenu. Na kama kuna mlango ambao wazazi wenu hawakuruhusiwa kuupita, tengeni fedha ya chai mkaingie nao kwa mbele, mngali nao. Baba yetu hakuwahi.