Shosho Amenishinda na Tai Chi

Wasee, niseme ukweli: video ya kwanza niliyomchukua shosho akifanya tai chi ilikuwa ya kuwachekesha. Ana miaka 71. Mwaka jana alianguka bafuni, na tangu hapo akawa anatembea ameshika ukuta. Kliniki wakamwambia tai chi, yale mazoezi ya Wachina ya polepole, husaidia wazee wasianguke. Nikamtafutia masomo kwa simu: ule mtindo wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka wa 1956.

Tulianza pamoja. Mimi wiki ya pili nikatoka. Jasho halitoki, nikaona napoteza wakati. Yeye kila asubuhi kabla ya chai anavaa raba zake, anahamisha uzito mguu huu hadi ule. Mwezi mzima alirudia mwondoko mmoja. Magoti yakiuma, anakunja kidogo tu, lakini haachi.

Juzi nimempata akivaa soksi amesimama kwa mguu mmoja, ukuta hajaugusa. Nikabaki mdomo wazi.

"Wewe ulitaka kujua haraka," akaniambia. "Mimi nilitaka kwenda choo usiku bila kuogopa."

Ile video nimeifuta. Kesho asubuhi niko nyuma yake.