Wanafunzi Wageni wa Richmond

Miaka ile niliyoishi Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia nchini Marekani, nilikuwa mwalimu msaidizi katika sekondari moja ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wanafunzi wageni ambao Kiingereza kilikuwa bado hakijawakaa ulimini. Wengi walikuwa vijana wa Kikongo, asili yao Fizi na Uvira, waliokulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Waliobaki walitoka Guatemala, El Salvador na Honduras, nao walikuwa na msaidizi wao wa Kihispania. Mwalimu wa historia alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa mji huo huo. Vijana wa Kikongo walimwita Mama, naye akaitika.

Ilipofika mada ya utumwa tulipewa kitabu kilichorahisishwa kwa ajili ya wageni. Biashara nzima ya watumwa kuvuka Bahari ya Atlantiki ilikuwa imeminywa ikaenea ukurasa mmoja: Waafrika waliletwa Virginia, wakalima tumbaku, baadaye wakawa huru. Pembeni palikuwa na mchoro wa merikebu yenye matanga meupe. Mama aliusoma ukurasa ule, akafunga kitabu. Akaniambia tupunguze maneno kadiri tunavyoweza, ila yaliyotokea tusiyapunguze.

Mwongozo wa mwalimu nao ulikuwa na zoezi lake: wanafunzi walale sakafuni, wabanane bega kwa bega, waonje hali ya ndani ya meli. Hilo alilikataa kabla sijafungua mdomo. Wazazi wa karibu vijana wote wa Kikongo, na baadhi yao wenyewe, walivuka Ziwa Tanganyika katika boti zilizojaa kupita kiasi, wakikimbia vita. Hawakuwa watu wa kuigizishwa.

Tukaanza na ramani kubwa ukutani na maelezo ya ukurasa mmoja niliyoyaandika kwa Kiswahili. Mwenzangu akaandika ya Kihispania. Mwaka 1619, mwezi wa Agosti, meli iliyoitwa White Lion ilitia nanga Point Comfort, upande wa pwani wa jimbo lile lile walilokuwa wakiishi, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya Wareno iliyowapakia Luanda, Angola. Vijana wa Kikongo waliposikia Angola, vichwa viliinuka. Angola ni jirani wa Kongo. Mpaka dakika ile walikuwa wakisoma habari za watu baki.

Kisha hesabu. Watafiti hukadiria kuwa watu milioni 12.5 walipakiwa melini Afrika, na milioni 10.7 wakafika ng'ambo wakiwa hai. Kijana mmoja, hodari wa hesabu lakini mchache wa maneno, alikwenda ubaoni akatoa: milioni 1.8. Akabaki amesimama na kalamu mkononi. "Hawa wote walifia majini?" Nikamjibu kuwa waliuawa na kuhara damu, njaa na vipigo, na wapo waliojitupa baharini. Lililowashangaza zaidi ni kwamba wasiotimia 400,000 ndio walioletwa moja kwa moja Amerika Kaskazini, ilhali Brazil peke yake ilipokea karibu milioni 5.

Somo lililotukalisha muda mrefu kuliko yote lilihusu sheria. Mwaka 1662 bunge la Virginia liliamua kuwa mtoto atafuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Tuliikata sheria ile katika sentensi fupi fupi ubaoni. Binti mmoja wa kabila la Wabembe, ambaye kwa kawaida hakunyanyua mkono, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, kwetu mtoto ni wa baba. Sasa bwana akizaa na mtumwa, huyo mtoto ni wake ao anamuuzisha?"

Nikamtafsiria Mama. Alijibu kuwa bwana aliweza kumwuza, na wapo waliouza damu yao. Akaongeza kuwa hata kwa Waingereza mtoto alifuata hali ya baba. Walowezi Waingereza wa Virginia waliigeuza desturi yao wenyewe ili kila tumbo la mtumwa lizae mali. Binti yule hakuwa na Kiingereza cha kuombea kalamu, lakini kiini cha utumwa wa Marekani alikifikia kwa swali moja.

Swali la pili liliniangukia mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kilwa, pwani ya Tanzania. "Ni nani aliwauzisha?" Nikawaambia kuwa meli, mtaji na soko vilikuwa vya Wazungu, na bunduki nyingi zilitoka kwao, lakini huko bara wapo wafalme na wafanyabiashara Waafrika walioteka watu na kuwauza. Pwani yetu nayo imo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kutoka Msumbiji, meli nyingine zilizunguka kusini mwa Afrika hadi Brazil. Mojawapo, São José, ilizama karibu na Cape Town mwaka 1794, na zaidi ya mateka 200 wakafa. Kijana mmoja akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za misafara ya watumwa iliyovushwa Ziwa Tanganyika kupelekwa Ujiji, naye siku zote akidhani ni hadithi za wazee.

Majira ya joto yalipokaribia tuliwapeleka Shockoe Bottom, bonde lililo katikati ya mji. Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, biashara ilishamiri ndani, na Richmond ikawa soko la pili kwa ukubwa baada ya New Orleans. Gereza la mfanyabiashara Robert Lumpkin, ambamo watu walifungiwa wakingoja kuuzwa, lilifukuliwa na wanaakiolojia mwaka 2008, likafukiwa tena ili lisiharibike. Kwa hiyo tulichoona ni majani na vibao, magari yakinguruma barabara ya juu. Mama akawasimulia kuwa mwaka 1867 mjane wa Lumpkin, Mary, aliyewahi kuwa mtumwa wake, alikodisha mahali pale kwa mchungaji aliyefungua shule ya waliotoka utumwani. Shule hiyo ni moja ya mizizi ya Virginia Union University ya leo.

Tuliporudi darasani tulisoma habari za Henry Brown, mtumwa wa Richmond ambaye mkewe na watoto wao waliuzwa wakapelekwa mbali. Mwaka 1849 alijifungia ndani ya sanduku akajituma kama mzigo hadi Philadelphia, safari ya saa 27 hivi. Vijana walichora ukubwa wa sanduku lile sakafuni kwa rula: sentimita 91 kwa 81 kwa 61. Yule hodari wa hesabu akaandika kwa Kiingereza chake mwenyewe: mke wake aliuzwa, watoto wake waliuzwa, aliingia sandukuni, alifika akiwa hai. Mama alisahihisha kitenzi kimoja tu.

Mimi biashara hii ya Atlantiki, iitwayo biashara ya pembetatu, niliisoma sekondari, nyumbani Tanzania, kwa Kiingereza nisichokielewa. Nilikariri sababu tano na athari tano, nikafaulu. Swali kama la yule binti wa Kibembe halikunipitia kichwani, maana kichwa kilikuwa kimejaa msamiati. Na watoto wetu wengi hutoka shule ya msingi na Kiswahili chao wakakutana na mada hii kwa Kiingereza. Mwalimu mwenzangu, mada hii isimulie kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuulizia. Mjibu ukweli wote, na ule wa Kilwa usiuruke. Kiingereza cha mtihani mpe baadaye.