Julai si ya kulala: mimi, mzee na barabara ya Kinangop

Kila Julai ni hadithi ile ile. Nairobi inageuka kijivu, watu wanavaa marvin na sweta mbili, na kila mtu mwenye kamera anakwambia hakuna mwanga, tungoje Septemba. Wenye doo wanakimbilia Diani. Mimi nasema huu ndio msimu wenyewe wa picha, na ukitaka kucheka cheka, lakini soma kwanza.

Baridi yetu haina theluji. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huleta hewa baridi yenye unyevu, na mawingu ya chini yanaweza kukaa juu ya Kiambu na Nyandarua kutwa nzima. Wingu kama hilo ni kama shuka jeupe mtu amefunika taa. Hakuna kivuli kikali chini ya macho, hakuna paji la uso linalong'aa kama sufuria. Ngozi nyeusi inatoka vile ilivyo. Watu wanalipa studio pesa nyingi kupata mwanga ambao Limuru unapewa bure. Cha kukumbuka ni kimoja tu: kamera ikiona ukungu mweupe inadhani mwanga umezidi, inakupa picha ya rangi ya jivu. Ongeza stopu moja. Basi.

Haya ya mwanga nilijifunza mwenyewe. Mahali pa kuutafuta nafunzwa na babangu. Mzee aliendesha lori miaka mingi akitoa viazi Kinangop akipeleka Marikiti, na hajui lenzi ni nini, lakini anajua ni kona gani ukungu huinuka saa tatu na ni gani haiinuki mpaka saa sita. Tunatoka na Probox yake kwenda kuwinda picha bila kupiga. Kamera inakaa kwenye buti. Yeye anaendesha, mimi naandika kwenye daftari: mahali, saa, mwanga unatoka wapi. Hiyo sheria ni yake, na mwanzoni niliona ni ushamba.

Juzi tulipita Limuru kwenye mashamba ya chai (mche wa kwanza Kenya ulipandwa huko 1903, ndiyo maana kuna vichaka vina mashina kama mapaja), tukakata kulia pale Flyover, tukapanda Njabini. Huko ua ni kayaba, punda wanavuta mikokoteni ya maji, na karoti zinaoshwa kando ya barabara na watu wasiohisi baridi ya vidole. Niliandika kurasa tatu.

Lakini mzee alikuwa na wimbo wake. "Pale palikuwa nyasi." Kilomita mbili mbele: "Na pale." Sasa ni viazi, kabichi, nyumba ya mawe. Nilidhani ni uzee unaongea, mpaka nikakumbuka kuna ndege mdogo wa kifua cha manjano, Sharpe's longclaw, anayeishi kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya pekee, na yuko hatarini kwa sababu hizo nyasi zinalimwa. Huwezi kumlaumu mkulima, ada ya shule hailipwi na ndege. Ila nilianza kuandika na hizo nyasi chache zilizobaki, bei ya picha yake kwenye ukurasa wangu ikiwa sufuri.

Karibu na Engineer kulikuwa na shosho anauza viazi kwa ndoo, chini ya nailoni ya buluu, moshi wa jiko unapita usoni. Sweta yake ilikuwa imetoboka kiwiko. Nawaambia, ile ilikuwa picha. Kabla hatujasimama vizuri gari lingine lilipunguza mwendo, mkono ukatoka dirishani na simu, likaondoka. Hata viazi hawakuuliza bei.

Mzee alishuka, akamsalimia kwa Kikuyu, wakaongea juu ya shangi na mvua mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Tukanunua ndoo moja. Ndipo akasema, "Huyu ni msichana wangu, anapiga picha. Unaweza kumkubalia?" Shosho akanitazama juu chini, akasema nirudi Alhamisi, atakuwa amevaa kitambaa chake kizuri na koti la kanisa.

Hapo ndipo tulipobishana na mzee garini. Nilitaka ile sweta. Koti la kanisa litaua picha, nilimwambia, itakuwa kama ya kitambulisho. Akasema, "Wewe ukipigwa picha si unajipaka kwanza?" Sina jibu la hilo mpaka leo. Uso ni wake, achague. Lakini ule moshi, wacha tu.

Tangu niache chuo hatukuwa tumebishana juu ya kitu kingine isipokuwa hicho chuo. Tukiteremka kuelekea Naivasha mawingu yakaisha ghafla, jua likatupiga, na Longonot ikasimama pale na mita zake 2,776. Akauliza bila kugeuka, "Na hii kazi inalipa?" Nikamwambia nilichopata Juni, shilingi kwa shilingi, bila kuongeza. Alinyamaza mpaka Mai Mahiu. Kisha akasema, "Viazi pia kuna miezi hivyo."

Tulisimama kwenye lile kanisa dogo la wafungwa wa vita Waitaliano, lililojengwa 1942 wakati wakitengeneza barabara. Alizunguka ukuta mara mbili akitafuta jua, akaniambia niandike saa kumi na moja jioni, upande wa mlango. Niliandika.

Alhamisi tunatoka alfajiri. Mzee ameshajaza mafuta. Mimi naomba tu shosho asahau lile koti.