Mkono wa Juu

Jumatano, 15 Mei 2024
Ziwa Tanganyika limefungwa leo kwa uvuvi hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Kibirizi bila taa za wavuvi usiku, wala dagaa wa kuanika asubuhi. Tela letu halina cha kubeba. Shemeji anasema trekta lisikae bure, lipande Mwandiga likafanye kazi kwenye michikichi na shamba la mihogo. Naafiki. Ila orodha yake ya vifaa inaanzia mwisho: mkono wa juu wa haidroliki, kisha fyekeo, kisha jembe. Nimemwambia tuanze na rula.

Jumapili, 26 Mei
Nimepima mikono mitatu ya nyuma ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu, inayoshika vifaa. Matundu ya mikono ya chini ni milimita 22, pini ya mkono wa juu 19. Hilo ni kundi la kwanza, la matrekta madogo kama letu la nguvu farasi 25. Jembe la mtumba alilolipenda shemeji lina pini za chini za milimita 28, yaani kundi la pili. Muuzaji anasema pini zikikerezwa zitaingia. Zitaingia, naam, lakini uzito wa jembe haukerezwi. Kitabu cha trekta kinataja kilo 750 za kunyanyua, na hizo hupimwa kwenye ncha za mikono; mzigo ukikaa nyuma zaidi, nguvu hupungua. Kwenye mteremko wa Mwandiga, magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, usukani haukusikii. Shemeji kakaa kimya, kisha: "Dada, basi tununue vyuma vya kuweka mbele." Vyuma tutanunua. Jembe lile hapana.

Jumamosi, 8 Juni
Kwa fundi. Nimemwomba anieleze haidroliki polepole, shemeji akisikia. Mkono wa juu wa kawaida ni skrubu: ukiuzungusha unafupika au kurefuka. Wa haidroliki ni silinda yenye mipira miwili. Mafuta yakiingia upande huu inarefuka, yakiingia upande ule inafupika, nawe umekaa kwenye kiti. Raha. Lakini trekta letu lina tundu moja tu la mafuta, na hilo linainua tela. Itabidi tuongeze valvu yenye matundu mawili. Tena silinda iwe na valvu ya kufungia mafuta, la sivyo mkono unajilegeza polepole chini ya mzigo na kazi inapinda bila wewe kujua. Na kila kiungio cha mpira ni mlango wa mchanga. Kibirizi mchanga hauna pa kwenda ila kwenye sili za watu.

Usiku nimefikiria habari ya Harry Ferguson, yule wa Ireland aliyepata hataza ya mfumo wa mikono mitatu mwaka 1926. Kabla yake jembe kwa kawaida lilikokotwa nyuma tu, na likigonga kisiki trekta liliweza kupinduka kinyumenyume juu ya dereva. Kwenye mikono mitatu, udongo ukilishika jembe, mkono wa juu unasukuma mbele na kulikandamiza trekta chini. Kwa hiyo skrubu ile ya bei ndogo inalinda uhai wa dereva kila siku. Haidroliki inaongeza wepesi wa kuirekebisha tu. Swali langu kwa shemeji: kwa siku tunairekebisha mara ngapi?

Jumanne, 2 Julai
Jibu limepatikana shambani. Tumeazima jembe dogo la kundi la kwanza. Asubuhi pua ya jembe ilielea juu ya ardhi kavu; tukafupisha mkono wa juu kidogo, ikainama, ikachimba. Hatukuugusa tena hadi jioni. Fyekeo hivyo hivyo: kimo cha kukata kiliwekwa mara moja. Kilichotusumbua ni kingine kabisa. Michikichi imepandwa mita tisa kwa tisa, nafasi ni tele, lakini kwenye mteremko fyekeo linayumba kuelekea shina. Minyororo ya pembeni, inayozuia mikono ya chini isiyumbe, imelegea na mmoja haupo. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema tuikaze kwanza.

Jumatano, 14 Agosti
Kesho ziwa linafunguliwa. Uamuzi, ili tusibishane tena mvua za Novemba zikikaribia:
1. Minyororo miwili ya pembeni, na pini za akiba.
2. Fyekeo la mita 1.2, kundi la kwanza.
3. Vyuma vya mbele.
4. Jembe dogo, letu wenyewe.
Mkono wa haidroliki una kazi moja inayoustahili: bleidi ya kusawazisha barabara, ambayo pembe yake hubadilishwa kila hatua chache. Tukipata kazi ya kulipwa ya barabara, fedha yake ndiyo itakayonunua silinda na valvu. Si fedha ya dagaa. Shemeji kasaini chini ya orodha, kisha akaniuliza barabara ya kwenda forodhani inasimamiwa na ofisi gani.