Pini Tisa za Mizani

Fundi amefunga kibanda chake cha Manika, hapa Kolwezi. Aliamua siku ya tatu ya matanga ya mzee aliyemfundisha kazi, ambaye mtaani kote aliitwa Papa tu.

Utoto wa fundi hauna marefu. Alizaliwa Musonoi, baba yake mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines. Mei 1978, waasi walipouteka mji hadi askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, yeye alikuwa chini ya kitanda. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na neema ya kampuni ikaporomoka nao. Kijana akashika bisibisi.

Ugomvi wake na Papa ulihusu ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi wa Kolwezi huuita kartimeri. Tajiri mmoja wa depo ya madini alileta kompyuta ya mizani ya malori. Ilikuwa ya Pentium 4, soketi ya nukta 775, ile iliyotoka mwaka 2004. Kondensa zake zilikuwa zimevimba vichwa na kutoa ukoko wa rangi ya kahawa. Papa akaagiza Lubumbashi ubao wa mtumba wa soketi hiyohiyo, wenye chipuseti ya 915, pamoja na prosesa ya Core 2 Duo.

“Papa, haitakubali,” kijana akasema.

“Mwanangu, mguu umeingia kiatuni. Unataka nini tena?”

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Nukta zilikuwa 775 pande zote mbili, lakini Core 2 Duo ilizaliwa 2006, na chipuseti ya 915 haikutengenezwa kwa ajili yake. Fundi anakiri kwamba alifurahi kupita kiasi. Akatafuta ubao wa chipuseti ya G31, akapima matundu ya skrubu, akachomeka memori ya DDR2, na mashine ikawaka.

Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Ndipo Papa akanyanyua kebo ya mizani, ile ya plagi ya pini tisa, akauliza kwa upole itachomekwa wapi. Nyuma ya ubao mpya palikuwa na matundu ya USB, mtandao na sauti. Ya mizani hayakuwepo.

Papa hakucheka. Aliinama na tochi, akaonyesha pembeni mwa ubao safu mbili za pini, nafasi kumi, moja tupu, zimeandikwa COM1. Akatoa kwenye kopo kipande cha bati chenye plagi na utepe wa nyaya, alichokichopoa kwenye mashine iliyokufa. Kijana alitaka kukichomeka papo hapo. Papa akamshika mkono: tepe hizo hufungwa kwa mipangilio miwili tofauti, na kwa macho zinafanana. Akaweka mita kwenye mlio, akafuata pini moja moja: ya 2 ya kupokea, ya 3 ya kutuma, ya 5 ya ardhi. Utepe haukulingana. Akazichomoa nyaya kwa ncha ya sindano, akazipanga upya. Uzito wa lori la kwanza ukatokea kwenye kioo. Tajiri yule hajalipa mpaka leo.

Papa alishikilia kwamba kununua ubao kunaanzia nyuma, kwenye vile vinavyochomekwa. Fundi bado anasema kunaanzia kwenye chipuseti. Hata matangani walikuwepo wawili waliotaka kuufufua ubishi huo.

Vijana wa sasa wanampandisha hasira. Huuliza namba ya soketi peke yake, tena kwa simu. Soketi ya 1155 na ya 1156 zimepishana nukta moja na haziingiliani. Atakayelazimisha atapinda pini laini kama nywele. DDR2 na DDR3 zote zina miguso 240, ila pengo limekaa pengine. Ubao wa ATX, milimita 305 kwa 244, hauingii kwenye kasha lililotengenezewa ubao wa mraba wa 244. Shaba inatoka kwetu hapa, inarudi imekuwa ubao, na tunaununua bila hata kuugeuza tukaona mgongo wake!

Baada ya matanga, Mama mjane alimkabidhi lile kopo. Ndani mna tepe saba. Amezipima zote kwa mita. Mbili zimefungwa ule mpangilio mwingine, na Papa alikuwa amezifungia uzi mwekundu.