Geji tatu na nguzo ya kulia

Mwenzangu kazini ameniuliza kwa nini geji za gari langu ziko mahali pabaya hivyo. Moja imekaa juu ya shina la usukani kama chunusi, nyingine iko chini ya redio, na ya tatu haipo kabisa. Nilimwambia jibu ni refu. Basi leo hakuna msimbo, mtaniwia radhi, wale mliokuja kutafuta mambo ya hifadhidata.

Kisa kilianza Mai Mahiu. Mwenye kujua Kikuyu atacheka, maana jina lenyewe ni maji moto. Agosti 2022 nilikuwa natoka Naivasha na mama yangu, ndani ya Subaru Forester ya zamani yenye turbo. Tukapita kile kikanisa kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, tukaanza kupanda nyuma ya lori lililokuwa likienda mwendo wa mzee mwenye fimbo. Mshale wa joto ulikuwa katikati kabisa. Nusu ya mlima, ukiwa bado katikati, nikasikia harufu tamu ya dawa ya rejeta. Punde mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Gasketi ya hedi ilikuwa imekwenda. Mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa muda wa saa tatu nzima, malori yakimpita karibu, tukingoja gari la kuvuta. Hakulalamika hata neno moja. Afadhali angelalamika.

"Mzee," nilimwuliza fundi wangu, "mbona mshale haukuniambia?"

"Kijana, mshale huo umefundishwa kutokutia wasiwasi."

Ndivyo ilivyo. Kwenye magari mengi mshale wa joto haufuati joto lenyewe hatua kwa hatua. Umetengenezwa ukae katikati kuanzia nyuzi 80 na kitu hadi 100 hivi, ili mwenye gari asikimbilie gereji kila anapoona umesogea. Sisi tunaoandika programu tunaijua dhambi hii. Ni ile seva inayojibu "kila kitu kiko sawa" huku diski imebaki na nafasi ya kiganja. Na huku kwetu juu jambo ni baya zaidi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndani ya rejeta hayachemki mapema hivyo kwa sababu kifuniko kinashikilia presha. Kifuniko changu kilikuwa kimelegea. Maji yalikuwa yanachemka na mshale umetulia tu.

Injini ilipofunguliwa na kurudishwa (bei sitaitaja, mke wangu husoma hapa) nikaenda Kirinyaga Road kununua geji tatu za milimita 52: joto la maji, presha ya oili, na presha ya turbo. Hiyo ya turbo haikuwa na sababu. Nilitaka tu kuiona ikicheza.

Fundi alitaka kuzifunga siku hiyo hiyo kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa kulia, tatu kwa mpangilio kama mnara. Nami nilitaka hivyo, nimeona picha nyingi. Lakini nina tabia moja ya kazini: sipeleki kitu kwa wateja bila kukijaribu. Nikakata vipande vitatu vya bomba la plastiki vya ukubwa wa geji, nikavibandika kwa selotepu, nikaendesha navyo wiki mbili bila kutoboa chochote. Jirani alidhani nafunga mabomba ya maji ndani ya gari.

Juu ya dashibodi, katikati, palikuwa pa kwanza kujaribiwa na pa kwanza kukataliwa. Jua la saa nane liliyeyusha gundi, kipande kikateleza hadi miguuni. Usiku nikaweka tochi ndogo ndani ya bomba, kioo chote cha mbele kikawa na mwezi wa pili. Upande wa abiria juu sikujaribu kabisa, maana pale ndipo mfuko wa hewa unapofumukia, na sitaki geji irushwe usoni mwa mama. Kwa sababu hiyo hiyo, kama nguzo ya gari lako imeandikwa SRS, mfuko wa pazia umepita humo, achana nayo. Yangu haikuandikwa.

Chini karibu na gia panapendeza, na nyaya zinafichika vizuri. Lakini kwa mwendo wa kilomita 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Kuinamisha macho, kusoma, na kuyarudisha barabarani ni sekunde mbili ukiwa mwepesi. Mita 44 bila kuangalia, kwenye barabara yenye mbuzi.

Ikabaki nguzo. Siku kumi nilikuwa nimeridhika nayo. Macho hayashuki, unatupa jicho tu. Siku ya kumi na moja, asubuhi, naingia kwenye mzunguko. Sisi huku tunaendesha kushoto, na kwenye mzunguko unampisha anayetoka kulia. Nikaangalia kulia, hakuna mtu, nikaachilia breki. Kutoka nyuma ya mabomba yangu matatu ikatokea bodaboda, na juu yake mtoto wa shule na begi mgongoni. Nilikanyaga breki hadi gari likazima. Walipita karibu na bampa, hatua moja au mbili. Mwenye boda alinitukana tusi ambalo nilistahili. Mtoto alinitazama tu.

Alikuwepo muda wote nilipokuwa naangalia. Nguzo yenyewe tayari inaficha pikipiki nzima kwa umbali fulani, nami nilikuwa nimeinenepesha maradufu, tena upande ule ule ninaotakiwa kuuona. Nilibandua mabomba pale pale kando ya barabara, mikono ikitetemeka.

Nikakaa chini kufikiri kama ambavyo ningefikiri kuhusu programu. Kitu gani lazima nikione, na lini? Joto: nilione haraka, hasa mlimani. Kwa hiyo geji yake iko juu ya shina la usukani, chini ya mstari wa barabara, haizuii kitu. Tumeizungusha kidogo ndani ya tundu lake ili joto la kawaida liwe mshale umesimama wima. Sisomi namba, naona tu kama umeinama. Presha ya oili sihitaji kuitazama, nahitaji kuitwa. Hiyo imekwenda chini ya redio, lakini ina taa nyekundu kando ya spidi mita. Fundi alikuwa na geji ya mrija, ya bei rahisi, nikaikataa. Mrija huo huleta oili ya moto ndani ya gari, juu ya magoti yako. Yangu ni ya umeme, ina fyuzi yake, na taa zake hufifia pamoja na za dashibodi.

"Mbaya," alisema fundi alipomaliza.

"Najua, Mzee."

Desemba 2023 tulipanda tena Mai Mahiu na mama, tena nyuma ya lori. Karibu na pale pale pa jiwe, mshale ukaanza kuinama. Nyuzi 98, 101, 103. Mshale wa kiwandani katikati, umetulia kama hakimu. Nikaegesha, nikafungua boneti: feni moja ilikuwa haizunguki. Fyuzi imeungua. Ya akiba ilikuwemo kwenye kisanduku. Tukangoja nusu saa joto lishuke, tukaondoka.

"Leo umejuaje?" mama akauliza. Nikamwonyesha kile kidude juu ya usukani. Akakitazama kwa muda.

"Kumbe hiki kitu kibaya kina kazi."

Ile ya turbo bado iko kwenye droo ya meza yangu, haijafunguliwa hata karatasi. Anayeitaka aseme, mradi aniambie kwanza anaifunga wapi.